Tuzihesabu Kwanza Atomu Zilizopotea Njia

Yapo madai katika sayansi ambayo ushahidi wake mkubwa ni kutoonekana kwa kitu. Mtaalamu huipoza sampuli yake mpaka ikaribie sifuri kamili ya halijoto, huitafuta dalili ya mpangilio wa kisumaku, asiione. Ndipo hukata shauri kwamba ameigundua hali mpya ya maada. Tangu mwaka 1973 wanafizikia wa mango wamekuwa wakiiwinda hali ya namna hiyo, iitwayo kimiminika cha spini cha kwantamu. Makala haya yanakusudia kueleza kwa lugha nyepesi uwindaji huo umefikia wapi, na kutoa hoja moja: kwamba fuwele halisi hazina unyoofu ule tunaouchora ubaoni, na kwamba yeyote adaiye kukipata kimiminika hicho ana wajibu wa kutuonyesha kwanza hesabu ya atomu zisizokaa mahali pake. Bila ya hesabu hiyo madai yake hayajakamilika, hata yawe yamechapishwa katika jarida kubwa namna gani.

Spini na mkwamo wake

Kila elektroni ina tabia ya asili inayoifanya iwe sumaku ndogo mno. Tabia hiyo twaiita spini. Katika misombo mingi isiyopitisha umeme, atomu za metali fulani, kwa mfano shaba, hubakiwa kila moja na elektroni moja isiyo na mwenzi, na spini ya elektroni hiyo huathiriana na spini za atomu jirani. Aghalabu athari hiyo huzitaka spini mbili jirani zielekee pande zinazopingana: moja juu, nyingine chini. Atomu zikiwa zimepangwa kwa miraba, sharti hili ni jepesi kulitimiza. Hupishana kama vyumba vyeusi na vyeupe vya ubao wa drafti, na kila jirani huridhika. Msombo ukipozwa vya kutosha, spini huganda katika mpangilio huo kama maji yagandavyo kuwa barafu.

Sasa tuchukue pembetatu. Ikiwa spini ya kwanza imeelekea juu na ya pili chini, ya tatu ifanyeje? Ikielekea juu, imevunja sharti la ujirani wake na ya kwanza. Ikielekea chini, imelivunja kwa ya pili. Hapana namna ya kuwaridhisha wote watatu. Hali hii ndiyo iitwayo mkwamo, na ndiyo mlango wa habari yetu.

Mwaka 1973, Philip Anderson wa Marekani alitoa wazo kwamba katika kimia cha pembetatu spini huenda zisigande kamwe, hata kwenye sifuri kamili. Badala ya kuganda, zingeungana mbili mbili, kila jozi ikifutana usumaku wake. Na jozi zenyewe zisingekuwa za kudumu, bali namna zote za kuungana zingekuwapo kwa pamoja, kama kanuni za kwantamu ziruhusuvyo. Mfano wake ni ngoma ambayo kila mchezaji ana mwenzi, na bado hakuna awezaye kusema nani ni mwenzi wa nani. Baadaye ilibainika kwamba pembetatu sahili ya Anderson hupata njia ya kupangika, spini zikipishana kwa pembe ya nyuzi 120. Hata hivyo wazo halikufa. Mwaka 1987 mwenyewe alilihusisha na vipitishi vya umeme visivyo na ukinzani vilivyotengenezwa kwa oksidi za shaba, ambavyo vilikuwa vimegunduliwa mwaka uliotangulia.

Kwa nini hali hii itamaniwe kiasi hiki? Kwanza, ndani yake spini zilizo mbali sana hufungamana, hata habari ya moja isiweze kuelezwa peke yake bila ya nyingine. Pili, nadharia yasema kwamba ukiitikisa hali hiyo, mtikiso huo hugawanyika na kuwa chembe ngeni, ziitwazo spinoni, ambazo hubeba spini bila ya kubeba chaji ya umeme. Tatu, Alexei Kitaev, mzaliwa wa Urusi, alionyesha tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 kwamba hali za jamaa hii zingeweza kuhifadhi taarifa za kompyuta ya kwantamu zisiharibiwe na misukosuko midogo ya nje. Kwa hiyo madai ya kukipata kimiminika cha spini huvuta heshima, wanafunzi na fedha nyingi. Hiyo ni sababu ya kuyapima kwa mizani kali zaidi, wala si ya kuyapokea kwa haraka.

Madini ya Chile

Upo mpangilio mmoja ambao mkwamo wake ni mkubwa kuliko wa pembetatu za kawaida. Ndani yake pembetatu hukutana kwenye ncha tu, na kati yake huachwa matundu ya pembe sita. Wajapani huwa na ufumaji wa vikapu wa umbo hilo, nao huuita kagome: kago ni kikapu, na me ni jicho. Mwanafizikia Itiro Syozi alilitumia jina hilo katika makala yake ya mwaka 1951, na tangu hapo limekuwa la dunia nzima. Katika kagome kila spini ina jirani wanne tu, wala si sita kama katika kimia cha pembetatu. Hivyo uwezo wa majirani wa kuilazimisha ielekee upande mmoja ni mdogo.

Mwaka 2004 yalitambuliwa madini mapya ya kijani kutoka Chile, yakapewa jina la herbertsmithaiti kwa heshima ya G. F. Herbert Smith, mtaalamu wa madini wa Uingereza. Ndani yake atomu za shaba hujipanga kwa matabaka ya kagome, na kati ya tabaka na tabaka huwapo atomu za zinki, ambazo hazina usumaku. Mwaka 2005 wanakemia wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts walifaulu kuyatengeneza maabarani. Vipimo vilivyofuata vilishangaza. Athari kati ya spini jirani za shaba ina nguvu inayolingana na takriban kelvini 190, yaani nyuzi 83 chini ya sifuri ya Selsiasi. Msombo wa kawaida ungetazamiwa kuganda kisumaku si mbali sana na hapo. Lakini vipimo vya nyutroni na vya muoni vilivyotangazwa mwaka 2007 havikuona kuganda hata sampuli ilipopozwa hadi sehemu moja ya ishirini ya kelvini. Halijoto hiyo ni ndogo karibu mara elfu nne kuliko nguvu ya athari yenyewe. Mwaka 2012, baada ya fuwele kubwa kupatikana, ilionekana pia kwamba nyutroni zikitawanywa na spini hizo hazitoi mistari myembamba iliyo dhahiri, bali utando mpana wa nishati, kama itazamiwavyo pale mtikiso unapogawanyika kuwa spinoni.

Mpaka hapo habari ni njema. Lakini ioni ya shaba na ioni ya zinki zina ukubwa unaokaribiana sana, na tanuri la mkemia halina macho ya kuzitenga moja kwa moja. Uchunguzi wa eksirei uliotangazwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba matabaka ya kagome yenyewe ni safi kwa kadiri kipimo kiwezavyo kuona. Lakini katika nafasi za zinki, kama 15 kwa kila 100 zimekaliwa na shaba iliyopotea njia. Kila shaba iliyopotea ni sumaku ndogo iliyo nusu huru. Na hapa ndipo penye tatizo: kwenye baridi kali, spini chache zilizo huru huitikia vipimo kwa nguvu kuliko spini nyingi zilizofungamana. Ni kama mtu atakaye kuusikia mnong'ono wa umati mzima wa watu, huku walevi wachache wanapiga kelele mlangoni.

Matokeo yake ni mabishano ambayo hayajaisha. Swali la msingi ni hili: je, ili kuitikisa hali hiyo yahitajika nishati fulani ya chini kabisa, yaani upo mwanya, au mtikiso mdogo kiasi chochote hutosha? Jibu la swali hili ndilo liamualo ni kimiminika cha aina gani, kwa maana nadharia zinazotabiri mwanya na zile zisizoutabiri ni tofauti kabisa. Mwaka 2015 kundi moja lilipima mwitikio wa viini vya oksijeni-17 ndani ya herbertsmithaiti, likasema mwanya upo. Mwaka 2020 kundi lingine, likitumia viini vilevile vya oksijeni-17 na madini yaleyale, lilisema mwanya haupo. Kati ya miaka hiyo, mwaka 2016, uchunguzi wa nyutroni ulikuwa umekwisha kuonyesha kwamba katika nishati ndogo kabisa sehemu kubwa ya mtawanyiko hutokana na shaba zile zilizopotea. Na mwaka 2021 vipimo vingine vilionyesha jozi za spini zenye mianya isiyolingana, hapa mkubwa, pale mdogo. Wapimaji hawa wote ni mahodari, na vyombo vyao ni bora. Kilichowatenganisha si uzembe; ni ugumu wa kuitoa sauti ya wachache katika sauti ya wengi.

Kioo kilichojifanya kimiminika

Mfano wa pili una fundisho kali zaidi. Mwaka 2015 ulitangazwa msombo wa iterbiamu, magnesiamu, galiamu na oksijeni, ambao kwa alama za kemia huandikwa YbMgGaO4. Ndani yake iterbiamu hujipanga kwa pembetatu zilizo sawa kabisa, na hakuna shaba iliyopotea wala kitu cha namna hiyo katika matabaka yake. Mwaka 2016 watafiti walipima utawanyaji wa nyutroni, wakauona utando mpana wa nishati, wakautafsiri kuwa ni dalili ya spinoni zinazotembea huru kama elektroni zitembeavyo katika metali. Wengi walidhani kwamba sasa kimepatikana kielelezo kilicho safi.

Lakini spinoni zikitembea huru, hazina budi kubeba joto. Katika mwaka uleule wa 2016 upitishaji wa joto wa msombo huo ulipimwa, na mchango wa spinoni haukuonekana. Sababu ilikuwa mlangoni pa jirani. Magnesiamu na galiamu hugawana nafasi zilezile za fuwele bila ya utaratibu wowote, nusu kwa nusu, kama shilingi inayorushwa kwa kila nafasi. Ioni ya magnesiamu ina chaji mbili na ile ya galiamu ina tatu. Basi uga wa umeme unaoizunguka kila iterbiamu hutofautiana mahali hadi mahali, na kwa hiyo athari kati ya spini hutofautiana vilevile. Mwaka 2017 wananadharia wa Chuo Kikuu cha California, Alexander Chernyshev na Steven White wakiwa miongoni mwao, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba mvurugiko wa namna hiyo waweza kuukatakata mpangilio wa kawaida katika vipande vidogo vyenye mielekeo mbalimbali, na kwamba nyutroni zikipita hapo zitaleta picha inayofanana na ya kimiminika. Waliita hali hiyo kuigiza. Mwaka 2018 vipimo vya msombo huo na ndugu yake mwenye zinki vilionyesha dalili za kioo cha spini kwenye takriban kelvini 0.1, yaani spini zimeganda ovyo ovyo, kila moja ikiwa imekwama pale ilipokutwa na baridi.

Tofauti ya kioo na kimiminika si ndogo. Katika kimiminika spini hazigandi kwa sababu ya ufungamano wa kwantamu. Katika kioo zimeganda, ila hazikuganda kwa mpango. Mwenye kutafuta mpangilio tu ataviona vyote viwili kuwa kitu kimoja, kwa maana mpangilio hauonekani katika chochote kati ya hivyo. Ndiyo maana nasema kutoonekana kwa mpangilio hakutoshi kuwa ushahidi.

Mfano wa tatu ni kloridi ya rutheniamu, ambayo matabaka yake yana umbo la sega la nyuki na hukaribia kielelezo alichokifumbua Kitaev mwaka 2006. Matabaka hayo yameshikana kwa nguvu hafifu mno, kiasi kwamba yaweza kuteleza moja juu ya jingine kama karata. Fuwele iliyopangika vizuri huganda kisumaku karibu na kelvini 7. Ikipindwa au kubanwa, hujitokeza mgando mwingine karibu na kelvini 14. Mwaka 2018 watafiti wa Japani walitangaza kwamba, ndani ya uga wa sumaku, joto katika msombo huu hupinda njia kwa kiwango kilichotabiriwa na nadharia ya Kitaev, yaani nusu ya kipimo cha msingi. Lakini vipimo vilivyofuata vimeonyesha kwamba matokeo hubadilika kutoka sampuli moja hadi nyingine, na mabishano yanaendelea. Jambo kama hilo lilitokea pia kwa chumvi moja ya kikaboni yenye paladiamu. Mwaka 2010 ilisemwa kwamba yapitisha joto kana kwamba ina spinoni huru. Mwaka 2019 makundi mawili, kila moja kwa kazi yake, hayakuliona jambo hilo.

Si kila doa ni ila

Baada ya kuyasema hayo, msomaji aweza kudhani kwamba nauhesabu mvurugiko kuwa adui mtupu. La hasha. Kwetu Afrika ya Mashariki hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta kinyume chake. Tanzanaiti ya Mirerani, iliyopata kujulikana duniani tangu mwaka 1967, ni madini ya zoisaiti, ambayo yakiwa safi kabisa yasingekuwa na rangi ile. Buluu yake hutokana na kiasi kidogo cha vanadiamu kilichoingia katika nafasi za aluminiamu. Ukiyaondoa madoa hayo, umeiondoa thamani yenyewe. Mkemia asiyejua ni atomu gani iliyo mahali gani hawezi kueleza jiwe lile ni la nini.

Katika spini pia mambo yaweza kuwa hivyo. Mwaka 2017 Lucile Savary na Leon Balents walitoa nadharia kwamba katika misombo fulani yenye muundo wa piramidi za pembetatu, mvurugiko waweza kufanya kazi ya uga unaozichochea spini zibadilishane hali kwa njia ya kwantamu, na hivyo ukakizaa kimiminika badala ya kukiharibu. Mwaka huohuo vipimo vya msombo wa praseodimiamu na zirkoniamu vilitafsiriwa kwa mwelekeo huo. Kabla yake, mwaka 2015, watafiti wa Japani waliichukua fuwele ya kikaboni ambayo kwa kawaida huganda kisumaku, wakaipiga kwa eksirei ili kuivuruga kwa makusudi. Mgando ukatoweka, na dalili zinazofanana na za kimiminika zikajitokeza. Aidha, mwaka 2018 Itamar Kimchi na wenzake walionyesha kwamba pale spini zinapoungana mbili mbili katika mazingira ya ovyo, hubaki spini chache zisizo na wenzi, nazo hufuata kanuni zake zenyewe ambazo zaweza kutambuliwa katika vipimo vya joto.

Basi swali la haki si kama fuwele ina mvurugiko au haina. Kanuni za joto zatufundisha kwamba kila fuwele iliyokuzwa katika halijoto iliyo juu ya sifuri kamili itakuwa na makosa kadhaa. Fuwele isiyo na kosa ni ya ubaoni tu. Swali ni hili: mvurugiko uliopo ni wa aina gani, ni kiasi gani, uko wapi, na je, jambo tuliloliona lingebaki lau mvurugiko huo ungepungua?

Kambi mbili na makosa yake

Katika fani hii kuna kambi mbili, nami sikubaliani na yoyote. Kambi ya kwanza huuchukulia mvurugiko kama vumbi la kufutwa mezani. Hupima, hutoa mchango wa uchafu kwa hesabu iliyo rahisi, kisha husoma kilichobaki kana kwamba ndicho asili ya msombo. Njia hiyo yaweza kufaa pale uchafu unapokuwa mchache na usioathiriana. Kwa shaba 15 katika nafasi 100 haifai, maana shaba hizo huathiriana zenyewe kwa zenyewe na pia na spini za kagome. Kwa msombo ambao nusu ya nafasi zake huamuliwa kwa bahati nasibu haifai hata kidogo, kwa sababu hapo hakuna asili iliyojificha nyuma ya uchafu. Uchafu ni sehemu ya asili.

Kambi ya pili imechoshwa na madai yaliyoporomoka, nayo sasa husema kwamba vimiminika vyote vya spini ni vioo tu vilivyovaa vazi la kuazima. Huu nao ni uvivu wa fikra. Herbertsmithaiti haikuonyesha kuganda kama kioo hata kwenye sehemu ya ishirini ya kelvini. Na kwamba hali ya namna hii yaweza kuwapo katika maumbile kumetiliwa nguvu na jaribio la Harvard la mwaka 2021, ambapo atomu 219 zilipangwa moja moja kwa mihimili ya leza, na zikaonyesha dalili za ufungamano wa kimiminika cha jamaa hii. Huko hapakuwa na fuwele, wala tanuri, wala shaba iliyopotea. Kila atomu iliwekwa mahali pake kwa makusudi. Nadharia yaelekea si ndoto. Lililo gumu ni kuitambua ndani ya kipande cha mawe.

Mambo manne ya kudai

Kwa maoni yangu, hapana budi mambo manne yadaiwe kwa kila anayetangaza kimiminika cha spini katika msombo halisi.

La kwanza, hesabu ya atomu itangulie. Makala ieleze ni sehemu ngapi kwa mia za kila nafasi ya fuwele zimekaliwa na atomu isiyostahili, na ni kwa kipimo gani jambo hilo limejulikana. Eksirei ya kawaida hutofautisha shaba na zinki kwa shida sana, kwa kuwa elektroni zake zapishana kwa moja tu. Kipimo kilichofaulu mwaka 2010 kilihitaji eksirei zilizochaguliwa nishati yake kwa uangalifu. Asiyeitaja njia yake hajatoa hesabu.

La pili, dalili iwe ya kuwapo kwa kitu, si ya kutokuwapo tu. Joto linalobebwa na spinoni, mwanya uliopimwa kwa njia mbili zisizotegemeana, au ufungamano unaoweza kukadiriwa: haya ni ya kuwapo.

La tatu, mvurugiko ubadilishwe kwa makusudi. Zitengenezwe sampuli tatu au nne zenye viwango mbalimbali vya makosa, zipimwe kwa chombo kimoja. Jambo linalodumu makosa yakipungua ni la msombo; linalotoweka ni la makosa. Tayari wanakemia wanaelekea huko. Misombo ya iterbiamu kama NaYbO2, iliyochunguzwa tangu mwaka 2019, haina ule mchanganyiko wa magnesiamu na galiamu. Na ndugu wa herbertsmithaiti waliotengenezwa kutokana na madini ya baloaiti wameonekana kuwa na shaba chache zaidi zilizopotea. Hii ndiyo njia ya maendeleo.

La nne, heshima igawanywe upya. Waswahili husema: usione vyaelea, vimeundwa. Mwenye kukuza fuwele kwa miezi mingi, akaipima, akaikataa, akaanza tena, hutajwa mwishoni mwa orodha ya waandishi, ilhali mwenye kuchora mchoro wa kuvutia hutajwa mwanzoni. Kuanzia mwaka 2005, wakati herbertsmithaiti ilipotengenezwa mara ya kwanza, ilichukua miaka kadhaa kuzipata fuwele kubwa zilizowezesha vipimo vya mwaka 2012. Lau si subira hiyo, tusingekuwa na la kubishania.

Wajibu wetu

Huenda msomaji akauliza: haya yatuhusu nini sisi, ambao hatuna vinu vya nyutroni wala mitambo ya kupoza hadi karibu na sifuri kamili? Yatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, sehemu kubwa ya kazi niliyoieleza haihitaji kinu. Kukadiria jinsi mvurugiko ubadilishavyo mwitikio wa spini ni kazi ya nadharia na kompyuta, na vijana wetu wanaiweza. Taasisi ya Afrika ya Mashariki ya Utafiti wa Msingi, iliyofunguliwa Kigali mwaka 2018 kwa ushirikiano na kituo cha kimataifa cha Trieste, huwafundisha wanafunzi wa kanda hii fizikia ya mango katika kiwango cha juu. Uwanja wa kuanzia upo.

Pili, na hili ni kubwa zaidi, fundisho lenyewe halina mipaka ya somo. Katika vyuo vyetu mwanafunzi apewaye kazi ya kuikagua sampuli, kuisaga, kuipiga eksirei na kuandika orodha ya makosa yake, hujiona ametengwa na sayansi ya kweli, akiwaonea kijicho wenzake walio kwenye milinganyo. Walimu tumechangia kuilea dhana hiyo kwa namna tugawavyo alama na sifa. Historia ya YbMgGaO4 ingefaa ifundishwe katika kila darasa la mwaka wa tatu, ili mwanafunzi aone jinsi nadharia nzuri na nyutroni za gharama kubwa zilivyolazimika kurudi nyuma na kuuliza swali ambalo mkaguzi wa fuwele angeweza kuliuliza siku ya kwanza: magnesiamu imekaa wapi, na galiamu imekaa wapi?

Kimiminika cha spini huenda kikathibitishwa katika madini halisi katika kizazi hiki, au huenda kikasubiri kijacho. Kwa vyovyote vile, kitathibitishwa na wale watakaokuwa wameyajua makosa ya fuwele zao kwa idadi na kwa mahali, wala si na wale walioyafumbia macho.